Mtoto Aliyemwita Mamaye Dada

Pilsun alimfundisha mwanawe kumwita dada wakiwa stesheni ya Yeongju, kwenye benchi la mbao, wakisubiri treni ya kwenda Punggi. Mtoto, Hyangmi, alikuwa na miaka minne na ushei. Pilsun alikuwa amenunua mayai ya kuchemsha na mfuko wa pipi, na kila mtoto alipojibu vizuri alitiwa pipi mdomoni. Alipokosea alifinywa paja, si kwa nguvu, ila kiasi cha machozi kumlenga bila yeye kupiga kelele.

"Mimi ni nani?"

"Mama."

Akafinywa.

"Mimi ni nani?"

"Dada."

"Na mama yako yuko wapi?"

"Kafa."

"Na baba?"

"Kafa."

La baba lilikuwa kweli. Mume wa kwanza wa Pilsun alifukiwa na kifusi kwenye mgodi wa makaa ya mawe huko Cheoram, Hyangmi akiwa bado hajasimama dede. Na mama yake Pilsun, aliyemlea yule mtoto wakati Pilsun akifanya kazi ya kufuma Punggi, naye alikuwa amezikwa wiki iliyotangulia. Waliokufa wote walikuwa wamekufa kweli. Uongo ulikuwa juu ya aliye hai.

Treni ilipoingia, Hyangmi alimshika mkono, akainua uso wenye pipi shavuni akauliza, "Dada, tunapanda hii?" Pilsun alishtuka. Alikuwa amejiandaa kwa siku kadhaa za kumfundisha. Hakujua kwamba mtoto hujifunza upesi namna ile kile ambacho mzazi wake anaona aibu kukifundisha.

Yote hayo yaliletwa na Cheolgyu.

Bae Cheolgyu alikuwa fundi wa mitambo ya kufumia, na katika viwanda vidogo vya Punggi miaka ile ya sabini mwanzoni, fundi aliyejua kuchekesha wasichana alipokewa kama mwana wa mfalme. Alikuwa na meno meupe na sauti ya kuimba. Mtambo wa Pilsun uliharibika mara nyingi kuliko mitambo mingine yote, na mara nyingine aliuharibu yeye mwenyewe. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mjane, akilala chumba kimoja na wasichana sita, mikono ikinuka mafuta ya mashine. Cheolgyu alimwambia kwamba ana shingo ndefu kama korongo, na yeye akaamini kwamba maisha bado yanamtaka.

Pilsun hakumficha habari za mtoto. Alimwambia siku ile ile alipomtajia ndoa. Cheolgyu akasema, "Mama yangu katoka Imha. Kwao mjane akipita mlangoni wanamwaga chumvi nyuma yake kufukuza mkosi. Na mimi ndiye mwana wa pekee, ndiye wa kuwatambikia wahenga. Tuseme ni mdogo wako. Ni neno moja tu, Pilsun. Mama akishalainika tutalibadilisha."

Haikuwa vigumu. Ndoa yake ya mgodini haikuwahi kuandikishwa, na mtoto alikuwa ameandikishwa kama binti wa babu yake, aliyekwisha kufariki, kama walivyofanya wengi kule. Shangazi yake Pilsun, aliyemtafutia kile kibarua cha kufuma, ndiye pekee aliyemkanya.

"Mwanamume anayekuomba umfiche mtoto leo," alisema, "kesho atakuomba ufiche nini?"

"Shangazi, wewe humjui Cheolgyu."

"Wewe je, unamjua? Unajua meno yake tu."

Pilsun alicheka. Alikuja kukikumbuka kicheko hicho miaka mingi baadaye, akatamani arudi akajizibe mdomo.

*

Mama mkwe wake aliitwa na watu wote Bi Imha, kwa jina la kijiji alichozaliwa. Alikuwa mwanamke mwembamba, mgongo umenyooka kama ubao, anayeamka kabla ya jogoo na kuhesabu uvivu kuwa dhambi. Alikuwa na bustani ya matufaha chini ya mlima Sobaek, na katika nyumba yake kila kitu kilikuwa na mahali pake: mitungi ya maharage ya soya yaliyochachushwa nyuma ya nyumba, sahani za tambiko kabatini, na mke wa mwana jikoni.

Hakuwa mwovu. Laiti angekuwa mwovu, Pilsun angepata pa kuutua mzigo wake. Bi Imha alimpokea Hyangmi kama yatima mdogo wa mke wa mwanawe. Akamlaza chumbani mwake, penye sakafu yenye joto zaidi, akamkata nywele, akamfundisha kumenya matufaha bila kukata ganda. "Mtoto asiye na mama," alikuwa akisema, "lazima ajue kazi mapema. Nani atamfichia makosa?"

"Ndiyo, Mama," Pilsun alijibu.

Mwaka wa pili akajifungua mwana, Jaeuk. Toka siku hiyo kijiji kizima kikamwita Mama Jaeuk. Kule Cheoram, penye vumbi jeusi na nyumba za mabati, alikuwa akiitwa Mama Hyangmi. Jina hilo alilizika bila mtu kulilia. Jaeuk alipoanza kusema alimwita Hyangmi mama mdogo, na watu wakacheka kwa furaha: mama mdogo mwenyewe ni wa kimo cha ndoo, anambeba mpwa wake mgongoni, miguu ya mtoto inagusa chini!

Hyangmi alikuwa mtoto mtiifu mno. Hakukosea hata mara moja. "Dada, nimeosha mchele." "Dada, Jaeuk analia." Pilsun alijiambia kwamba amesahau. Watoto husahau. Fikra hiyo ilimfariji mchana, na kila alipofarijika alijiona amemwibia mtoto kitu kingine tena.

Kisha ikaja surua. Hyangmi alikuwa na miaka saba. Alilala kwenye godoro la Bi Imha, mwili wote mwekundu, macho yamefumba, na katika homa ile ulimi wake ukafunguka.

"Mama," akaita. "Mama. Mama, njoo."

Pilsun alikuwa amepiga magoti kando yake na kitambaa cha maji mkononi. Bi Imha alikaa ng'ambo ya pili.

"Maskini," akasema Bi Imha. Akafuta jicho kwa ncha ya kidole, mwanamke yule ambaye hakuna aliyewahi kumwona akilia. "Anamwona marehemu mama yenu. Amekuja kumchukua. Msemeshe, Mama Jaeuk. Mwambie mama yupo."

Mungu alimfungulia mlango wazi kabisa. Pilsun hakuhitaji hata kusema uongo. Aliinama mpaka sikioni mwa mwanawe, akafungua kinywa, na sauti iliyotoka ikasema, "Dada yupo hapa. Dada yupo."

Mtoto akageuza uso ukutani. Alipona baada ya siku chache, na hakuita tena.

*

Cheolgyu naye hakulibadilisha lile neno. Mwanzo alisema mama yake bado hajalainika. Baadaye akasema, kuna haja gani, mambo si yanakwenda? Na mwishowe akagundua kwamba siri ile ni hatamu nzuri. Akiwa amekunywa, amekaa siku mbili kwa marafiki zake Yeongju huku mitambo ya watu ikimngoja, na Pilsun akimuuliza alikuwa wapi mbele ya mama yake, alikuwa akikohoa. Kikohozi kidogo tu, kikavu, huku akimtazama kwa pembe ya jicho.

"Una nini kifuani?" mama yake alimuuliza.

"Kuna kitu kinataka kutoka, Mama," alijibu akitabasamu kwa yale meno yake. "Lakini Mama Jaeuk akininyamazia kitatulia."

Pilsun akawa ananyamaza. Akawa mke mpole, na wanawake wa jirani wakamsifu. Hawakujua kwamba upole ule ulikuwa kamba, na kwamba alijifunga mwenyewe.

Hyangmi alipomaliza shule ya msingi, Bi Imha alileta shauri mezani, wakati wa chakula cha jioni. Alilisema waziwazi, kama alivyosema kila jambo.

"Kuna kiwanda cha nyuzi Daegu kinachukua wasichana. Mchana wanafanya kazi, jioni kiwanda kinawasomesha. Wana bweni. Mtoto ni hodari, atafika mbali. Hapa atabaki kuwa mtumishi wa Jaeuk. Mimi si mama yake, na wewe ni dada tu. Mama yake angekuwa hai ingekuwa shauri lake. Basi semeni."

Cheolgyu aliinamisha uso kwenye bakuli lake la supu. Hyangmi, aliyekuwa mwisho wa meza akimtolea Jaeuk miiba ya samaki, aliacha kutoa miiba. Hakuinua macho, lakini vijiti vyake vilisimama hewani.

Pilsun aliyaona yale maneno mbele yake: *mama yake yu hai*. Manne tu. Aliona pia uso wa Bi Imha utakavyobadilika, aliona mlango, aliona chumvi, aliona treni ya kurudi Cheoram na Jaeuk akibaki nyuma, kwa maana mwana ni wa ukoo wa baba. Cheolgyu akakohoa.

"Mama amesema vema," akasema Pilsun.

Vijiti vya Hyangmi vikashuka, akaendelea kutoa miiba.

Walimsindikiza kituo cha basi asubuhi ya baridi, Pilsun na Bi Imha. Bi Imha alimfunga skafu mara mbili, akamwonya asile vitu vya barabarani. Pilsun alimpa mayai ya kuchemsha kwenye kitambaa. Hyangmi alikaa dirishani na kumtazama mpaka basi likaondoka, bila kulia. Alimtazama kama mtu anayesubiri kuambiwa jambo. Pilsun akapunga mkono.

Toka hapo Hyangmi alirudi kwa sikukuu tu, akiwa mrefu zaidi kila mara, vidole vimekakamaa, akiwa na soksi za Bi Imha, madaftari ya Jaeuk, na mafuta ya mikono kwa ajili ya dada. Pilsun hakuwahi kuyapaka mafuta yale. Chupa zilijipanga kabatini, na kila alipofungua kabati alilifunga upesi.

*

Hyangmi aliolewa Daegu, na fundi wa magari mpole mwenye masikio makubwa. Kwa desturi ya harusi za siku hizo, kabla bibi harusi hajaingia, mama wa pande mbili hutembea pamoja mbele ya watu wote na kuwasha mishumaa. Hyangmi alipiga simu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Dada, wewe ndiye utakayewasha wa upande wangu. Yatima huwashiwa na dada yake. Nimeshawaeleza wakwe."

Siku yenyewe Pilsun alikuja amevaa vazi lake la kijani kibichi. Hyangmi, ameshavikwa shela, alikuwa amekaa peke yake katika chumba cha kujiandalia. Alimwonyesha vazi jingine lililotundikwa ukutani, la rangi ya waridi.

"Vua hilo. Nimekukodia hili."

Pilsun alilitazama. "Hili huvaliwa na mama wa bibi harusi."

"Najua."

Pilsun akabaki ameshika mkono wa vazi lile. Kisha akakaa kwenye kiti.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu lini nini? Nilikuwa na miaka minne, sikuwa na miezi minne. Nakumbuka pipi. Nakumbuka ulivyonifinya, hapa." Hyangmi aligusa paja lake juu ya kitambaa cheupe. "Na nakumbuka ulivyoniambia kwenye treni. Ulisema, ni mpaka tupate nyumba yetu wenyewe. Tukipata nyumba yetu utaniita mama tena, lakini mpaka nikuambie mimi. Umesahau?"

Pilsun alikuwa amesahau kabisa. Angeweza kuapa kwamba hakusema. Lakini alipolisikia, aliisikia pia sauti yake mwenyewe ya ujana ikilitamka, nyepesi, ya kumbembeleza mtoto aliyechoka.

"Basi nikawa nangoja," Hyangmi alisema. "Nilidhani ni nyumba ya kweli. Nilikuwa nakuangalia unafua, nasema moyoni, leo ataniambia. Siku ya surua nilisema, labda amesikia. Siku ile mezani. Siku ya basi nilikuwa na hakika, nilifungua dirisha kidogo nisije nikakosa kusikia. Ukapunga mkono."

"Nilidhani umesahau, mwanangu."

"Ulitaka niwe nimesahau."

Pilsun akaanza kulia. Hyangmi akatoa leso, akamfuta chini ya macho kwa uangalifu, kama anavyofutwa mtu aliyepakwa poda.

"Niite basi," Pilsun alisema. "Niite sasa hivi. Nimekuambia. Nakuambia."

Hyangmi alifungua kinywa. Alijaribu. Kisha akatikisa kichwa.

"Nilishajaribu bwenini, mbele ya kioo, wenzangu wakiwa zamu. Halitoki. Linatoka lile lile ulilonifundisha. Vaa, wageni wanangoja. Leo kaa kwenye kiti cha mama. Kwa leo inatosha."

Pilsun alivaa waridi. Alitembea na mama wa bwana harusi katikati ya watu, akawasha mshumaa kwa kiberiti cha pili, cha kwanza kilipozimika. Katika mstari wa pili Bi Imha alimwambia jirani yake, kwa sauti ya mzee asiyesikia vizuri: "Mwone dada huyo. Amesimama mahali pa mama. Wangapi wangefanya hivyo?" Sifa hiyo ilimuunguza Pilsun kuliko tusi lolote. Nyuma yake Cheolgyu alikohoa, kwa mazoea au kwa moshi, hakuna ajuaye. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, Pilsun hakugeuza kichwa.

*

Alimwambia Bi Imha mwaka huo huo, siku moja kabla ya sikukuu ya mavuno, asubuhi, wawili wao wakiwa jikoni wanaandaa vyakula vya tambiko. Bi Imha alikuwa akitunga nyama na majani ya vitunguu kwenye vijiti, Pilsun akikaanga.

"Mama, Hyangmi si mdogo wangu. Ni mwanangu. Mimi ndiye niliyemzaa."

Bi Imha alimaliza kijiti alichokuwa nacho, akakiweka kwenye sinia, akatwaa kingine, akakishika bila kutunga kitu.

"Cheolgyu anajua?"

"Ndiye aliyesema tufanye hivyo. Lakini mdomo ulikuwa wangu."

Mafuta yalikuwa yakiungua. Bi Imha aliinuka, akazima jiko mwenyewe, akakaa tena.

"Ningekukataa," alisema. "Sitajipaka asali hapa. Ungekuja na mtoto mgongoni ningekumwagia chumvi, na wewe ungekwenda zako ukaolewe na mwenye akili kuliko mwanangu." Akakiweka kile kijiti chini. "Lakini ningekuwa nimekukataa wewe, mtu mzima. Mtoto nisingemgusa. Wewe umeniachia nikamtoa mtoto nyumbani kwa mama yake. Mimi! Nikamfunga na skafu kabisa, nikajiona mwema. Na wewe umesimama pale pembeni unanitazama."

"Niliogopa, Mama."

"Mimi nilikuwa mtu mkali. Hilo nalijua, naweza kufa nalo. Wewe umenifanya mtu mbaya, bila hata kuniuliza."

Pilsun alikuwa amejiandaa kwa kufukuzwa. Hakujiandaa kwa hili. Miaka yote alikuwa akihesabu kwamba amemkosea mtu mmoja.

Cheolgyu alipoitwa aliingia jikoni akitabasamu, akaona nyuso zao, akakohoa.

"Kohoa," mama yake alimwambia. "Kohoa mpaka kitoke chote. Mimi nipo, nasikiliza."

Hakuweza. Alisimama pale mlangoni, mwanamume mwenye mvi na meno ambayo sasa yalikuwa ya bandia, na mikono yake haikujua pa kukaa. Mwaka huo Bi Imha aliwasujudia wahenga akiwa na Jaeuk tu. Cheolgyu na Pilsun walikaa nje kwenye kibaraza kama wageni waliokuja siku isiyo yao.

Jaeuk, aliyekuwa ameshafikia umri wa kunyoa ndevu, ndiye peke yake aliyefurahi. "Kwa hiyo si mama mdogo?" alisema. "Ni dada yangu wa tumbo moja?" Akakimbilia simu. Pilsun akiwa jikoni alimsikia akipiga kelele, "Dada! Ni mimi, Dada!" Kisha Jaeuk akacheka, halafu akaanza kulia kama mtoto. Hatimaye neno lile lilikuwa limempata mwenyewe.

Majira ya baridi hayajaanza Bi Imha akafunga kasha la matufaha, yale makubwa, akapanda basi la Daegu peke yake katika umri ambao hakuwa tena akienda hata sokoni. Alikaa huko siku mbili. Aliporudi alivua soksi na kunyoosha miguu kwenye sakafu ya moto.

"Nimemwomba radhi," alisema. "Nimeinama mpaka paji likagusa sakafu. Amelia, nimelia. Kanipikia supu nzuri."

"Na kuhusu mimi amesemaje, Mama?"

"Nilikwenda kwa ajili yangu. Kwa ajili yako nenda mwenyewe."

*

Hakwenda. Kila wiki alipata sababu: matufaha, kuchachusha kabichi za kimchi, mgongo wa Cheolgyu. Kweli ilikuwa kwamba aliogopa kuomba radhi akasamehewa haraka haraka, kwa adabu, kama mtu anavyopokelewa zawadi mlangoni. Alikwenda Hyangmi alipojifungua binti, maana kumpikia mzazi supu ya mwani ni kazi ya mama, na hakuna mwingine aliyekuwepo wa kuifanya.

Hyangmi alimruhusu. Siku za kwanza walizungumza habari za maziwa na nepi. Asubuhi moja Pilsun aliingia na bakuli, akamkuta mwanawe amekaa na mtoto mapajani, akimtazama, uso umemwiva.

"Hebu nieleze," Hyangmi alisema bila kuinua macho. "Maana nimeshindwa kuelewa. Mimi nikienda tu kuoga, huyu akilia, maziwa yananitoka yenyewe. Wewe ulifanyaje? Ulilala chumba cha pili. Ulisikia nikiita. Ulifanyaje?"

Pilsun aliweka bakuli chini. Alikuwa na majibu mengi aliyokuwa ameyatunga kwa miaka: dunia ya zamani, mjane hana thamani, Jaeuk angenyang'anywa. Yote yalikuwa ya kweli, na alipoyatazama yote yaliona haya kujitokeza.

"Niliogopa kurudi mgodini," alisema. "Niliogopa kulala peke yangu. Na nilimpenda. Nilitaka aniambie tena nina shingo ndefu."

"Ulimpenda."

"Ndiyo. Kuliko nilivyopaswa. Na siku ile ya surua nilisikia. Nilisikia vizuri."

Hyangmi akapiga kelele. Hakuwahi, tangu kuzaliwa, kumpazia sauti. Alimtukana, yeye aliyekuwa mtoto mtiifu mno. Akamwita mwoga, akamwita mwizi, akasema mara nyingi alitamani kama yeye mwenyewe angezikwa pamoja na bibi yake Cheoram. Mtoto akaanza kulia, na mama akalia, na Pilsun akakaa pale pale sakafuni akapokea yote bila kujitetea. Hakusema nisamehe. Aliona kwamba kusema hivyo wakati ule kungekuwa kumwomba Hyangmi amtumikie tena.

Ilipokwisha, Hyangmi alijifuta pua kwa nepi safi.

"Supu imepoa," akasema kwa sauti iliyokauka.

"Nitapasha."

"Ongeza nyama. Unaniwekea mwani tu, kama ng'ombe."

Pilsun alibaki huko wiki tatu. Wenye hekima husema mchuma janga hula na wa kwao, lakini Pilsun alipokuwa akimsafisha mjukuu alijua kwamba janga alilichuma yeye, na wa kwao ndio walioanza kula.

Bi Imha alifariki miaka kadhaa baadaye, akiwa amelala chali na mikono imekunjwa, kila kitu mahali pake. Cheolgyu alipooza upande mmoja, na Pilsun akamlisha kwa kijiko miaka mingi. Hakumwacha. Watu walisema ni uaminifu. Yeye alijua kwamba wawili walioiba pamoja huwa hawana mwingine wa kuzungumza naye. Mara moja Cheolgyu, ulimi mzito, alimwambia, "Ungekataa ningekuoa hivyo hivyo na mtoto. Nilikuwa nakujaribu tu." Pilsun hakuwahi kujua kama ni kweli au ni ukatili wake wa mwisho. Alimfuta kidevu, akatoka kwenda kwenye mitungi, akajiinamia huko mpaka alipoweza kurudi.

Siku hizi anaishi peke yake Punggi. Hyangmi huja kila Novemba, wakati wa kuandaa kimchi, pamoja na bintiye mwenye masikio makubwa kama ya babake; mtoto huyo humwita Pilsun bibi bila kujua kwamba neno hilo lina historia. Hyangmi mwenyewe hamwiti jina lolote. Hasemi dada, alikwisha kuliacha siku ile ya kelele. Na lile jingine halijatoka. Akitaka kitu humkaribia kwanza, akamgusa bega, ndipo akasema. Kutoka uani hadi jikoni ni mbali kwa mtu mwenye mikono ya pilipili, lakini huja, humgusa, husema, "Kabichi hizi hazijakolea chumvi. Nani kakufundisha?"

"Zimekolea."

"Onja."

Pilsun huonja. Husema kweli hazijakolea, hata zikiwa zimekolea.